Nafasi ya Mama Mkwe Kugeukia

Siku kiti cha magurudumu cha Mbithe kiliponasa mlangoni mwa choo, hapakuwa na mtu mwingine katika ploti nzima ila Kaleli, mume wa binti yake. Lingekuwa jambo dogo kama wangekuwa watu wengine. Lakini Mbithe alikuwa Mkamba wa Kithimani, mtu wa zamani, na Kaleli naye alilelewa vivyo hivyo. Kwao, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawasemezani ovyo wala hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja hujitia kichakani mpaka mwenzake apite.

Nyumba ya kupanga ya vyumba viwili pale Kimbo, Ruiru, haikuwa na vichaka. Tangu Mbithe avunjike nyonga na kuja kukaa kwa bintiye ili awe karibu na kliniki ya Thika, wawili hao waliishi kwa kupishana. Mbithe akiletwa sebuleni, Kaleli alikumbuka shughuli jikoni. Kaleli akirudi kazini, Mbithe alivuta leso mpaka kwenye paji la uso na kutazama dirisha. Lililokuwa lazima kusemwa lilipitia kwa Carolyne, bintiye Mbithe na mkewe Kaleli.

Na Carolyne alikuwa amekwenda sokoni.

Kaleli alikuwa akinyoa ndevu aliposikia vishindo huko nyuma. Akatoka na povu shavuni, akasimama ghafla penye kamba ya nguo. Gurudumu la kushoto lilikuwa limepita, la kulia limekwama kwenye fremu ya mlango. Mbithe alikuwa nusu ndani, nusu nje, amempa mgongo. Kaleli akakohoa, naye Mbithe akamjua kwa kikohozi hicho.

"Wewe mlango," Mbithe akasema bila kugeuza kichwa, "kama kungekuwa na mtu huko nyuma, ningemwambia asukume."

Kaleli akaikazia macho kamba ya nguo. "Mlango, mwambie mama nikisukuma ataingia na hatatoka. Afadhali nivute."

"Mlango, mwambie huyo mtu shida yangu iko mbele, haiko nyuma."

Kaleli akasukuma, huku amefumba macho kwa heshima. Fremu ikalia, ikapasuka kutoka juu hadi chini, kipande cha plasta kikaanguka, na Mbithe akaingia chooni kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Sasa kiti kilikijaza chumba chote. Mbithe alikuwa uso kwa uso na ukuta, kigoda chenye tundu alichopaswa kukalia kikiwa ubavuni mwake, na hapakuwa na hata kiganja kimoja cha kugeukia. Mlango nao haukuweza kufungwa, kwa kuwa kiti kilikuwa kimekaa pale mlango ulipotaka kupita.

"Mlango," akasema Mbithe kwa sauti ya chini, "tafuta mwanamke."

Mwanamke aliyepatikana alikuwa Warigia, mwenye ploti, aliyekuwa ndio anaingia langoni kutoka ushirika wa akina mama, Biblia kwapani. Alimsaidia Mbithe vizuri, kwa mikono yenye nguvu na maneno ya upole. Alipomaliza, akatoka, akaitazama fremu.

"Kareri!" Warigia hakuwahi kulipata jina lile sawasawa, ulimi wake wa Kikuyu haukuwa na habari na herufi zake. "Nani amevunja fremu yangu?"

"Ni mimi, Mama. Nitatengeneza."

"Na huyu mama alikuwa anaongea na nani? Nilisikia nikiwa kwa gate. Alikuwa anaongea na mlango?"

Kaleli hakujua aanzie wapi kumweleza Mkikuyu aliyeokoka mambo ya ukwe wa Kithimani. Akabadilisha mazungumzo. Alijua Warigia anataka kujenga vyumba vipya nyuma ya ploti, kila kimoja na choo chake ndani, naye kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nyumba katika ofisi ya msanifu mmoja mjini Thika. Akasema atamchorea plani, na bei ya fremu ifie hapo. Ila chumba cha kwanza kikiisha, yeye na familia yake wahamie.

"Utachora na mkono?"

"Na kompyuta."

Mwaka ule wa tisini na sita, Kimbo nzima haikuwa na kompyuta hata moja. Warigia aliibana Biblia yake vizuri kwapani. Kesi ya fremu ilikuwa imekwisha.

* * *

Kupima kulifanyika jioni. Kaleli aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, mgongo wake umeelekea sebuleni, penseli mkononi. Carolyne alisimama katikati na futi ya kupimia, kama refarii.

"Muulize mama anahamia upande gani akitoka kwenye kiti."

"Mama, anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie wa kushoto. Mguu wa kulia hauna kazi tena, umebaki wa kujazia gauni."

"Anasema..."

"Nimesikia," Kaleli akasema.

"Sasa mimi nafanya nini hapa?" Carolyne akauliza.

Meza ilisogezwa ukutani, na Mbithe akazungusha magurudumu yake, moja mbele moja nyuma, huku akiguna. Kaleli alisikia kishindo.

"Ametosha kugeuka?"

"Amegonga kabati."

"Sogeza kabati."

Kikagongwa kiti, ikagongwa redio, mpaka hatimaye Mbithe akageuka mzunguko mzima bila kugonga kitu. Carolyne akapima. Kaleli akaandika, akaona kwamba karibu yote yalikubaliana na vipimo alivyoviona katika kitabu cha ofisini cha wajenzi wa ng'ambo. Alifurahi mno hata akajisahau.

"Sasa muulize akiwa amekaa pale, mkono wake unafika wapi akitafuta karatasi."

Kaleli akahisi masikio yake yanapata moto.

"Carolyne," Mbithe akasema taratibu, "mwambie mume wako kuna maswali mengine hata daktari huyakunjia kwenye bahasha."

Carolyne alicheka mpaka akakaa chini.

* * *

Ofisini Thika kulikuwa na kompyuta moja, nayo usiku ilifunikwa kitambaa kama mtoto. Bosi aliwaruhusu wachoraji wake waitumie kwa mazoezi Jumamosi alasiri, akijua fika mazoezi hayo yalikuwa nyumba za nani. Kaleli alichora vyumba vya Warigia upesi: kuta, madirisha, milango. Lakini kwenye choo cha chumba cha kwanza alitulia kama mtu anayetia chumvi.

Aliweka bakuli la choo cha kukalia. Akaweka sinki. Kisha akaanza kuchora vitu visivyokuwapo. Mbele ya bakuli alichora mduara wa kiti kugeuka. Kando ya bakuli, upande wa kushoto, alichora kisanduku cha pale kiti kitakapoegeshwa Mbithe anapohama. Chini ya sinki akaacha nafasi ya magoti. Yote hayo aliyatia rangi ya manjano na mistari ya vipande vipande. Katika lugha ya wachoraji, mstari uliokatikakatika hivyo husema: hapa hapana kitu, na pasiwekwe kitu.

Idah, mchoraji mwenzake, alisimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Hiyo duara ni ya nini?"

"Ya kiti cha magurudumu kugeuka."

"Hizo vitu huchorwa na wazungu wakijenga hospitali."

"Mama mkwe wangu haja yake si ya kizungu, Idah."

Idah akacheka, akasema kwa kweli inapendeza, kama mchoro wa maua. Na kwenye kioo cha kompyuta ilipendeza. Mlinzi alikuwa amekwisha kupiga funguo mlangoni, kwa hiyo Kaleli aliagiza mashine ichape, akaikunja karatasi ikiwa bado inanuka wino, akaitia kwapani na kukimbia. Hakuikunjua kuitazama, na yote yaliyofuata yalitokana na hilo.

Warigia aliipokea kwa mikono miwili. Jumapili aliwaonyesha wenzake wa ushirika, akiwashikia mbali kidogo wasiiguse. Ikiwa pana mstari uliomshangaza mtu, hakuna aliyesema. Nani angeiuliza kompyuta?

Jumatatu alimkabidhi fundi. Fundi mwenyewe alikuwa Idarous wa Majengo, Thika, Mswahili wa maneno mazuri na kuta zilizonyooka. Siku hiyo hiyo Kaleli alitumwa na bosi wake kupima shamba la watu huko Makuyu, akalala huko wiki nzima.

* * *

Aliporudi Ijumaa, Carolyne alikuwa anamngoja barabarani, mbali na lango.

"Usipitie mbele. Warigia anaomba."

"Anaomba nini?"

"Anakuombea."

"Si ni vizuri?"

"Anakuombea utoke kwa ploti."

Kaleli akamtazama mkewe aone kama anatania, akaona hatanii. Akapita upande wa nyuma, penye ujenzi.

Msingi wa vyumba ulikuwa umekwenda vizuri, umenyooka kama rula. Lakini kwenye pembe ya chumba cha kwanza, katikati ya mahali pa choo, palikuwa pameinuka ukuta wa mviringo. Ulikuwa wa mawe safi, ya bei, kutoka machimbo ya Ndarugo, yaliyochongwa moja moja kufuata mzunguko, kazi ya kupendeza kabisa, umefika kiunoni na hauna mlango. Kando yake kulikuwa na kisanduku cha mawe, kirefu, chembamba, kama kaburi la mtoto. Katikati ya mviringo kilisimama kigingi cha fundi cha kupimia mzunguko, kimefungwa kamba nyekundu.

Mwaka ule maneno ya waabudu shetani yalikuwa kila mahali, kwenye magazeti, kwenye redio, makanisani. Watu walikagua hata pakiti za sabuni. Ushirika wa Warigia ulikuwa umeonywa juu ya mambo mengi, na mduara wenye kaburi ulikuwa karibu kabisa na kichwa cha orodha.

Idarous alikuwa ameketi juu ya rundo la mchanga, mikono magotini.

"Fundi, ni nini hiki?"

"Ndilo swali nililokungojea wewe, bwana Kaleli."

"Nani alikwambia ujenge ukuta hapa?"

Idarous akaikunjua plani juu ya goti. "Huu ni mstari, siyo? Na mstari ni ukuta. Nimejenga tangu ndevu hazijaota, sijaona mstari usiokuwa ukuta."

"Na huu hapa?" Kaleli akagusa mstari mdogo uliopinda penye mlango. "Mbona hukuujenga?"

"Huo ni mlango unafunguka. Robo ya duara ni mlango, hata mtoto anajua. Lakini duara zima, bwana, ni mlango gani huo? Nikajisemea labda ni tangi la maji."

"Tangi ndani ya choo?"

"Kompyuta ni yako. Mimi nilikuwa nashangaa kwa heshima."

Kaleli akainama juu ya karatasi. Vipande vipande vyake vyote havikuwapo. Mduara ulikuwa umechapwa mweusi, mzima, mnene kama kuta nyingine. Kisanduku vilevile. Mtu yeyote mwenye macho angejenga alichojenga Idarous, na wengi wangekijenga vibaya zaidi.

Hapo ndipo akina mama walipotokea kwenye kona ya nyumba wakiimba.

* * *

Walikuwa wengi kuliko alivyodhani ushirika ule unao. Nyuma yao walikuja wapangaji, na nyuma ya wapangaji watu wa ploti ya jirani waliosikia wimbo. Warigia akatangulia mbele, uso umekaza, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Si kwa hasira tu. Alikuwa amempenda huyu kijana mpole aliyelipa kodi bila kukimbizwa.

"Kareri. Niambie hii kitu ni nini, mbele ya watu."

"Mama Warigia, ni makosa ya kuchapa. Hiyo haikuwa ukuta."

"Ilikuwa nini?"

"Ilikuwa... nafasi."

"Nafasi ya nani?"

Kaleli akafungua kinywa. Jibu lilikuwa fupi: ni nafasi ya mama mkwe wangu kugeuka chooni. Lakini kwa mtu aliyelelewa kama yeye, maneno hayo hayakuwa na njia ya kutokea. Mama mkwe na choo katika sentensi moja, hadharani, kwa sauti, mbele ya majirani na wajenzi! Angeweza kuvua suruali kwa urahisi zaidi.

"Ya... mtu," akasema.

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Wa nyumbani."

"Wa nyumbani!" Warigia akawageukia wenzake. "Si niliwaambia? Hawa watu mimi nimewaangalia. Huyu kijana na huyo mama hawaangaliani! Mmoja akiingia, mwingine anatoka. Wanaogopana nini? Na siku ile alivunja fremu yangu, nilisikia na haya masikio, huyo mama anaongea na mlango. Na mlango unajibu!"

Umati ukaguna. Idarous akajisogeza taratibu kutoka kwenye rundo lake la mchanga, kama mtu ambaye hakuwahi kulikalia.

"Mwisho wa mwezi mtoke," Warigia akasema. "Na hii mawe yangu nitaombea kabla sijaigusa."

Carolyne hakuwepo. Alikuwa ameponyoka mapema, na sasa akaonekana anakuja kwenye kokoto, akikisukuma kiti cha mama yake kwa nguvu zote, leso ya Mbithe ikipepea.

Kaleli alimwona mama mkwe wake anamjia moja kwa moja, uso kwa uso, na miguu yake ikafanya ilichofundishwa tangu utotoni: ikatafuta kichaka. Hapakuwa na kichaka. Palikuwa na ukuta wa mviringo. Akauruka, akachuchumaa ndani, asionekane.

"Ameingia!" mwanamke mmoja akapiga ukemi. "Ameingia kwa duara!"

Wimbo ukaanza upya, wa kukemea, mikono hewani. Kutoka ndani ya mviringo Kaleli aliona mbingu tu na kigingi chenye kamba nyekundu, akajua kwamba hata yeye, angekuwa nje, angekemea.

"Kaleli!"

Wimbo ukakatika. Sauti haikuwa ya Warigia, maana jina lilikuwa na herufi zake zote. Tangu amwoe Carolyne, hakuwahi kulisikia jina lake kutoka kinywa kile.

"Kaleli, toka humo ndani. Simama."

Kichwa chake kikachomoza juu ya mawe. Mbithe alikuwa mbele yake, leso imeanguka mabegani, anamtazama machoni. Kaleli naye, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kutazama, akamtazama. Aliona kwa mara ya kwanza kwamba ana macho ya Carolyne.

"Mama, heshima ya ukwe..."

"Mbuzi wa kutakasa utaleta ukipata. Sasa hivi naona tunafukuzwa. Waambie duara ni la nani."

"Ni lako, mama."

"La kufanyia nini?"

"La kugeukia."

"Kugeukia wapi?"

"Chooni."

Hakuna mbingu iliyoanguka. Mtu mmoja nyuma alikohoa, basi.

"Mmesikia," Mbithe akawaambia akina mama. "Huyu mwanaume alikaa jikoni amenipa mgongo, jasho linamtoka, akapima jinsi mimi mzee ninavyofika kwenye choo. Nimelala hospitalini, nimeshikwashikwa na madaktari wa kila aina, na hakuna aliyewahi kuniuliza nahamia upande gani. Kama huyu ni wa shetani, basi shetani ndiye wa kwanza kuniuliza."

Warigia akakigeukia kisanduku cha mawe. Akaonyesha kwa kidole. "Na hiyo kaburi?"

"Hapo ni pa kuegesha kiti," Kaleli akasema kutoka ndani ya mviringo. "Hapajengwi kitu. Na hapa niliposimama hapajengwi kitu. Ni hewa tu, Mama. Nilichora hewa."

Warigia akatazama ukuta, akatazama lundo la mawe lililopungua, akahesabu kichwani.

"Nimejenga hewa," akasema polepole, "na mawe ya Ndarugo?"

Idarous ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi, kikamshinda, na baada yake kila mtu alicheka, isipokuwa Warigia na Kaleli.

"Lakini hewa yote hiyo ya nini?" Warigia akauliza, maana hasara humfanya mtu awe mbishi. "Mtu mmoja! Chumba mzima mtu anaweza kulala hapo! Si anageuka tu kidogo?"

"Jaribu," Mbithe akasema.

"Nini?"

"Carolyne, nikalishe hapo juu ya hiyo hewa."

Mbithe akaketishwa juu ya ukuta wa mviringo, akatengeneza leso yake. Warigia hakuwa mtu wa kukimbia neno. Akamkabidhi mwenzake Biblia, akakikalia kiti, akajisukuma mwenyewe mpaka kwenye choo cha zamani. Fremu iliyopasuka ilimruhusu. Akaingia. Wakasikia chuma kikikwaruza ukuta, kisha ukuta wa pili, kisha kimya.

"Mama Warigia?" mwanamke mmoja akaita.

"Ngoja."

Kukwaruza tena. Kishindo. Kigoda chenye tundu kikabingirika mpaka nje, kikasimama miguuni pa Idarous.

"Ngai," sauti ya Warigia ikasema kutoka ndani, ikimtaja Mungu kwa Kikuyu, si kwa kuapa. Kama mtu anayesalimu amri. Halafu, baada ya kitambo: "Huyu mama amekuwa akiingia hapa kila siku?"

Carolyne alitazama chini.

"Karoraini, njoo univute. Na mtu asicheke."

Alitoka kinyumenyume, plasta nyweleni. Hakumtazama Kaleli. Alimwendea Mbithe juu ya ukuta wake, akamshika mkono, akasimama hivyo kidogo. Kisha akamgeukia Idarous.

"Bomoa hii hewa. Pole pole, mawe isivunjike."

* * *

Jumatatu Idah ndiye aliyeigundua kasoro. Akaketi mbele ya kompyuta, akaufungua mchoro, akabonyeza hapa na pale, akatikisa kichwa.

"Vipande vyako vilikuwa vidogo sana. Kwa kioo unaviona ukivikaribia. Kwa karatasi vimeshikana vyote, vikawa mstari mmoja. Ulisahau kuweka skeli ya vipande."

"Kitu hicho tu?"

"Kitu hicho tu, na umekaribia kufukuzwa kama mchawi."

Alirekebisha, akachapa, na safari hii akaikunjua karatasi sakafuni na kuitazama kila pembe. Vipande vilionekana. Hata hivyo, kwa kalamu, ndani ya mduara, akaandika kwa herufi kubwa: USIJENGE. NI NAFASI TUPU.

Idarous aliisoma akatabasamu. "Ungeandika hivi tangu mwanzo, ningekuwa nimelala kwangu." Lakini imani yake kwa michoro ilikuwa imetikisika. Tangu hapo, kila mstari aliuweka kidole na kumwuliza Kaleli: "Hiki ni kitu, au ni nafasi?" Aliuliza hata juu ya kuta za nje. Kaleli naye, kwa kulipia kazi iliyobomolewa, alibeba mawe kila Jumamosi, bega limechubuka, huku wapangaji wakimpita na kumsalimu, "Niaje, mtu wa hewa?"

Lakini lililomsumbua zaidi halikuwa jina hilo. Mbithe, baada ya kuuvunja mwiko, hakuona sababu ya kuuunga tena. Miaka yote ya kunyamaza ilikuwa imemrundikia mambo. Alimweleza Kaleli kwamba anakunywa chai kama anapigana nayo. Alimweleza kwamba mahari yake ilicheleweshwa mno, na kwamba shati la kijani halimpendezi. Alisubiri arudi kazini ili amwambie alichofikiri mchana. Mbuzi alipelekwa Kithimani, wazee wakamla, wakasema yamekwisha. Kaleli alirudi na matumaini fulani, akamkuta mama mkwe wake mlangoni.

"Umechelewa. Kaa hapa, nina neno."

"Carolyne," Kaleli akanong'ona jikoni sikioni mwa mkewe, "zamani alikuwa ananiheshimu."

"Sasa anakupenda. Vumilia."

Chumba cha kwanza kilikwisha msimu wa mvua ulipoanza kunyemelea. Siku ya kuhamia, Carolyne alikisukuma kiti cha mama yake mpaka kwenye mlango mpya wa choo, mpana, usio na kizingiti. Kaleli akaufungua kwa fahari.

Ndani mlikuwa na magunia ya makaa. Mlikuwa na mitungi ya maji, karai, godoro lililokunjwa, na jembe. Kila kimoja kilikuwa kimepangwa vizuri, kwa usafi, katikati ya mduara.

"Mama Warigia!"

Warigia alikuja akifuta mikono. "Nini? Uliniambia hapo hakuna kitu. Nikaona nisiache nafasi ikae bure."

Kaleli alitaka kusema mengi. Badala yake alinyanyua gunia. Warigia akamtazama, akamtazama Mbithe aliyekuwa anangoja kimya, mikono mapajani, kama mtu aliyezoea kungoja. Akalishika gunia lenzake. Walitoa kila kitu wawili hao, mpaka jembe. Warigia akachukua ufagio, akafagia vumbi la makaa mwenyewe, mpaka sakafu ikabaki tupu kutoka ukuta hadi ukuta.

"Haya, Mama," akasema.

Mbithe akaviringisha magurudumu yake mwenyewe. Akaingia. Alipofika katikati akasimama, akageuka mzunguko mmoja mzima, polepole, hakugonga kitu. Akageuka tena, ingawa hapakuwa na haja. Kisha akausukuma mlango, ukajifunga, wakasikia komeo linaingia mahali pake.

Wakasimama nje, wote watatu, masikio yamesimama. Carolyne alishika kidevu.

"Mama, uko sawa?" Kaleli akaita.

"Niko sawa."

"Unataka Carolyne aingie?"

"Wa nini?"

Wakatazamana. Hakuna aliyeondoka. Warigia akakaribia mlango kidogo, akainamisha kichwa.

"Nyinyi," sauti ya Mbithe ikasema kutoka ndani, "huko kwenu mtu akiwa chooni, husimamiwa mlangoni?"

"Hapana, mama."

"Basi nendeni."

Wakaenda. Warigia alirudi kwenye mboga zake, Carolyne kwenye masanduku, na Kaleli akaketi mlangoni mwa nyumba mpya, amevaa shati la kijani, hana wa kumwambia neno. Mbithe alikaa humo, peke yake, mpaka alipotosheka.